Bibi wa Visima Anajibu: Kama maji hayaishi, mbona hayatoshi?

Toleo lililopita niligusia uhaba wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, duniani kwa aya moja tu, nikidhani nitapita hapo niendelee na mengine. Barua zenu zimenikatalia. Zimejaa mezani, nyingine za hasira, nyingine za uchungu, na moja imeandikwa kwa penseli na mtoto mwenye hati nzuri kuliko yangu. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kupima kina cha maji visimani, kwa hiyo jambo hili ninalo moyoni. Safari hii ukurasa mzima ni wa maji.

Shikamoo Bibi. Mwalimu ametufundisha kwamba maji huzunguka. Jua linayavukiza, yanakuwa mawingu, yananyesha, yanarudi baharini, na hayapotei. Lakini redioni wanasema maji yanakwisha. Nani anasema kweli?
*Mwanafunzi, miaka 13*

Marahaba, mjukuu wangu. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mwalimu anazungumzia maji yote ya dunia, na hayo kweli hayapungui. Redio inazungumzia maji ambayo mtu anaweza kuyafikia pale alipo, siku anayoyahitaji, yakiwa safi na bila chumvi. Hayo ndiyo yanayogombaniwa, na ni machache kuliko unavyodhani.

Tafuta ndoo ya lita 20 uijaze. Jifanye hayo ndiyo maji yote ya dunia: bahari, mito, barafu, vyote. Sasa ondoa yenye chumvi. Unabaki na nusu lita. Katika hiyo nusu lita, zaidi ya theluthi mbili ni barafu, na nyingi iko Antaktika na Grinlandi, ambako hakuna anayekwenda kuteka. Karibu yote yanayosalia yako chini ya ardhi, mengine mbali mno. Maji ya mito yote na maziwa yote unayoyaona kwenye ramani, kwa kipimo hicho cha ndoo, hayajazi kijiko cha chai. Fanya mwenyewe kwa mikono yako, usiishie kusoma. Nilipofanya mara ya kwanza mbele ya darasa, watoto walicheka nilipoinua kijiko, kisha wakanyamaza.

Halafu kuna suala la wakati. Huo mzunguko aliokufundisha mwalimu hauendi kwa mwendo mmoja. Tone la maji angani hukaa siku chache tu kabla ya kuanguka. Katika mto hukaa wiki au miezi. Lakini tone lililozama ardhini laweza kukaa miaka, karne, hata maelfu ya miaka. Chini ya jangwa la Sahara, katika nchi za Libya, Misri, Sudan na Chad, kuna hifadhi kubwa sana ya maji ndani ya miamba ya mchanga. Maji hayo mengi yaliingia huko zamani za kale, wakati Sahara ilipokuwa na mvua na majani. Tangu mwaka 1991 Libya inayavuta kwa mabomba makubwa hadi miji yake ya pwani. Ni kazi ya kustaajabisha, na watu wanayahitaji. Lakini mvua ya leo hairudishi kinachotolewa. Ni sawa na kula akiba aliyoiacha babu wa babu wa babu yako, naye hayupo tena wa kukuongezea.

Kwa hiyo maji yanayotoka kisimani mwako hayapotei duniani. Yatakwenda kunyesha baharini au upande mwingine wa dunia. Wewe ndiye utakayebaki na kisima kikavu.

Bibi, maji ya chini ya ardhi hatuyaoni. Nani amejua kwamba yamepungua? Isije ikawa ni makisio ya wataalamu.
*Fundi ujenzi*

Fundi, umeniuliza kazi yangu. Acha nikuonyeshe.

Unachukua utepe wa chuma wenye alama za mita na sentimita. Kipande cha mwisho, mita moja na nusu hivi, unakipaka chaki ya ubao, chaki ya bluu ikipatikana. Unaushusha kisimani polepole, ukiusikia unavyokwaruza ukuta, mpaka uhakikishe ncha imeingia majini. Hapo unausimamisha kwenye alama kamili, tuseme mita 20, usawa wa mdomo wa kisima. Unauvuta. Chaki iliyoloa inageuka rangi, na mpaka wa kavu na mbichi unauona wazi, kama mstari wa kalamu. Ikiwa umeloa mita 1 na sentimita 35, unatoa kwenye 20. Maji yako mita 18 na sentimita 65 chini. Unaandika tarehe na saa, unapangusa utepe, unakwenda kisima kinachofuata. Hapo hakuna makisio.

Kisima kimoja nilikipima tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Mwaka ule maji yalikuwa mita 12 chini. Yalishuka sentimita 40, mwaka mwingine 70, mwaka wa mvua nyingi yakapanda kidogo tukafurahi, kisha yakashuka tena. Waswahili husema bandu bandu huisha gogo. Miaka yangu ya mwisho nilishusha utepe wote wa mita 30, nikauvuta, na chaki ilikuwa kavu mpaka ncha. Nilisimama pale nikaushusha tena, maana sikuamini. Nilipopeleka namba ofisini, mkuu wangu aliniuliza kama nilishika utepe vibaya. Daftari likawekwa kabatini. Sikuwahi kusahau swali lile, na ndiyo sababu moja inayonifanya niandike ukurasa huu.

Kipimo hakiishii kwenye kamba. Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti mbili pacha, mradi uitwao GRACE, zilizozunguka dunia moja nyuma ya nyingine hadi mwaka 2017. Kazi yao ilikuwa kupima nguvu ya uvutano. Maji ni mazito, na pale yanapopungua ardhini, uvutano wa mahali hapo hupungua kwa kiasi kidogo sana. Umbali kati ya setilaiti hizo mbili ulibadilika kidogo mno, na badiliko hilo lilipimwa. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba kaskazini-magharibi mwa India, kati ya 2002 na 2008, ardhi ilipoteza takriban kilomita za ujazo 109 za maji, hasa kwa sababu ya pampu za umwagiliaji. Maelfu kwa maelfu ya wakulima, kila mmoja na pampu yake ndogo, wakaacha pengo linaloonekana kutoka angani.

Na wewe kwa kuwa ni fundi, hili litakugusa zaidi: ardhi yenyewe hushuka. Maji yakitolewa kwenye tabaka za udongo laini, tabaka hizo hubanana kama sifongo iliyokamuliwa. Katika bonde la San Joaquin, California, ilipigwa picha mwaka 1977 ya mtaalamu wa jiolojia amesimama kando ya nguzo ya umeme. Juu kabisa ya nguzo kuna kibao kilichoandikwa 1925, katikati kingine kimeandikwa 1955, na miguuni pake 1977. Vibao vinaonyesha uso wa ardhi ulipokuwa miaka hiyo. Ilikuwa imeshuka karibu mita 9. Mexico City nayo inazama, sehemu nyingine kwa karibu nusu mita kila mwaka, na majengo yake yanainama na kupasuka. Udongo ukishabanana hivyo, hata mvua ikinyesha mwaka mzima, nafasi ya kuweka maji haipo tena. Maji yameondoka na ghala lake limebomoka.

Nimechoka kulaumiwa. Tumeambiwa tufunge koki tunapopiga mswaki, tuoge maji kidogo, na nimefanya hayo yote miaka kumi. Uhaba unazidi. Je, si tunadanganywa?
*Msomaji mwenye hasira*

Hasira yako ina haki, na sitakupoza kwa maneno matamu.

Katika maji baridi yote ambayo binadamu huyachota kutoka mitoni, maziwani na ardhini, takriban asilimia 70 huenda kwenye kilimo. Viwanda na mitambo ya umeme huchukua pungufu kidogo ya asilimia 20. Majumbani, yaani kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo vyote kwa pamoja, ni zaidi kidogo ya asilimia 10. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mswaki wako ndio umekausha mito ya dunia, hajapiga hesabu. Mimi naona ni vibaya kumtwika mtu wa kawaida hatia ya jambo lililoamuliwa na watu wengine kwenye vikao.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Inaitwa bahari lakini ni ziwa, na mwaka 1960 lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Liliishi kwa mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Serikali ya Kisovyeti ikaamua mito hiyo ielekezwe jangwani kumwagilia pamba. Hakuna mwananchi aliyepiga kura kuhusu ziwa. Maji yakarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Mji wa Moynaq ulikuwa bandari ya wavuvi, wenye kiwanda cha samaki. Leo meli zake zimelala mchangani, zimeshika kutu, na maji hayaonekani hata kwa mbali. Upepo hubeba chumvi na mabaki ya dawa za mashambani kutoka sakafu ya ziwa lililokauka, na watu huvuta hewa hiyo.

Niliposoma habari ile mara ya kwanza niliitazama fulana niliyovaa. Fulana moja ya pamba hugharimu, kwa wastani wa dunia, karibu lita 2,500 za maji tangu mbegu hadi duka. Mtaalamu wa Uingereza, Tony Allan, aliyeyaita haya maji yaliyofichika ndani ya bidhaa, alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008 kwa wazo hilo. Mtu hanunui fulana akiwaza kwamba ananunua mto. Lakini nchi kame inayouza pamba au ngano nje inauza maji yake, na nchi inayonunua inaacha yake yapumzike. Saudi Arabia ililima ngano jangwani kwa maji ya kale ya ardhini, hadi ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Kisha ikaona akiba inakwisha, ikaamua kuachana na mpango huo na kununua ngano nje. Ulikuwa uamuzi mchungu na wa busara.

Usinielewe vibaya, simlaumu mkulima. Analima ili tule. Wengi hushauri umwagiliaji wa matone, na kweli unafaa, maji yanakwenda kwenye mzizi badala ya kupotea hewani. Ila nimeona hatari yake. Mkulima akiokoa maji kwa matone, mara nyingi hupanua shamba kwa maji yaleyale aliyookoa, na kisima kinaendelea kushuka kama kawaida. Teknolojia bila kikomo cha kuchota haiokoi kisima. Lazima kuwe na kiasi kilichokubaliwa, na mtu wa kukipima.

Na koki yako je? Endelea kuifunga. Sababu si kwamba unaokoa dunia. Maji yanayofika nyumbani yamesafishwa, yamesukumwa kwa umeme, na mji ukiishiwa ni hayo yanayokatika kwanza. Cape Town ilifika hapo. Baada ya miaka mitatu ya ukame, kuanzia Februari 2018 kila mkazi alitakiwa kutumia lita 50 tu kwa siku kwa kila kitu. Jiji lilitangaza siku ambayo mabomba yangefungwa na watu wapange foleni kwenye vituo. Wakazi walipunguza matumizi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na kabla ya ukame, wakulima wa jirani wakafungulia jiji maji ya mabwawa yao, kisha mvua ikaja. Siku ile haikufika. Koki zilizofungwa zilikuwa na maana pale, kwa sababu kila mtu alifunga, na kwa sababu kiasi cha maji bwawani kilitangazwa hadharani kila wiki. Watu wakipewa namba za kweli, huzitendea kazi.

Mvua siku hizi inanyesha hadi mafuriko. Iweje mtu aseme kuna uhaba?
*Msomaji wa siku nyingi*

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo hukausha udongo zaidi wakati wa kiangazi, na ikiamua kuumwaga huo mvuke, huumwaga kwa kishindo. Mara nyingi mvua ya kishindo haizami vya kutosha. Inapita juu, inachukua udongo, inakwenda baharini na tope. Mahali pengi kinachojaza visima ni mvua ya taratibu, ile inayonyesha siku nzima hadi mtu akachoka nayo. Kuna pia barafu na theluji za milimani. Zamani zilihifadhi maji ya msimu wa baridi na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na sasa zinapungua. Ghala linabomoka huku mzigo ukishushwa wote kwa siku moja.

Bahari imejaa pomoni. Kwa nini wasichuje chumvi tukamaliza maneno?
*Mhandisi mtarajiwa*

Wanachuja. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulihesabu karibu mitambo 16,000 ya kuondoa chumvi inayofanya kazi duniani, ikiwemo mingi ya nchi za Ghuba. Kuna miji ambayo bila mitambo hiyo isingekuwepo. Maji ya bahari husukumwa kwa nguvu kubwa kupita kwenye kiwambo chenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji hupita na chumvi hubaki. Nguvu hiyo ndiyo gharama. Kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000, hula umeme wa uniti tatu hadi nne hivi. Kwa kunywa na kupika, nchi tajiri inaweza. Kwa kumwagilia mahindi au mpunga, hesabu haikubali, na nimeshakuambia maji mengi yanakwenda wapi. Tena mtu anayeishi mbali na pwani atasukumiwa maji kupanda milima kwa umeme wa nani?

Na chumvi iliyobaki inakwenda wapi? Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mitambo hiyo hutoa maji ya chumvi kali mengi kuliko maji safi, lita moja na nusu kwa kila lita moja safi. Mengi hurudishwa baharini. Ni mazito, huzama chini, na viumbe wa sakafuni huteseka.

Wewe unayesomea uhandisi, nataka uangalie upande mwingine. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, uko katika nchi kame kuliko zote kusini mwa Sahara. Tangu mwaka 1968 unasafisha majitaka ya mji hadi yawe maji ya kunywa, na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba. Ulikuwa wa kwanza duniani. Wengi wakisikia hivyo hukunja uso. Mimi nawaheshimu sana wale watu, kwa sababu hawakuwa na bahari karibu wala mto wa kudumu, wakaamua kuamini kipimo cha maabara kuliko kinyaa. Singapore ilifuata njia inayofanana mwaka 2003, ila maji yake mengi yaliyosafishwa huenda viwandani.

Na kuna maji yaliyo rahisi kuliko hayo yote, yale yanayovuja njiani. Tokyo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa ikipoteza sehemu kubwa sana ya maji yake kwenye mabomba yaliyopasuka. Leo ni asilimia 3 au 4 tu. Walibadilisha mabomba, ndiyo, lakini pia wana mafundi wanaotembea usiku, mji ukiwa kimya, na fimbo ndefu ya chuma. Wanaisimamisha juu ya bomba au mita, wanaweka sikio kwenye ncha, wanasikiliza. Maji yanayovuja yana sauti yake, na sikio lililozoea huitofautisha na ya gari la mbali au mtu anayefungua koki. Ningekuwa kijana ningeomba kazi hiyo.

Bibi, wataalamu wanazungumza dunia, dunia. Mimi nateka maji tangu nikiwa na miaka saba. Shingo inaniuma. Nina binti. Sitaki hesabu, nataka kujua kama kuna anayeniona.
*Mama mmoja*

Mwanangu, nakuona. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ndiyo iliyonifanya niombe ukurasa mzima.

Umesema hutaki hesabu, nami nitakupa chache tu, kwa sababu ni zako. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, mbali na dumu lenyewe. Shirika la Afya Duniani husema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na asiugue. Familia ya watu watano, hata kwa kiwango cha chini, ni madumu 12 na nusu kila siku. Hakuna shingo ya kubeba hayo, kwa hiyo familia haifikii kiwango. Inapunguza kunawa, na mtoto anaharisha. Pale ambapo maji hayapo nyumbani, katika kaya saba kati ya kumi wanaoteka ni wanawake na wasichana. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2024, watu bilioni 2.1 hawakuwa na maji salama ya kunywa yanayopatikana nyumbani kwao muda wanaoyahitaji. Ni mtu mmoja kati ya wanne.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Najua karatasi haipunguzi uzito wa dumu. Lakini inabadilisha lugha unayoweza kuitumia. Ukisimama mbele ya kiongozi huombi fadhila, unadai. Na ukidai, nenda na kipimo: umbali kwa hatua, saa za foleni, idadi ya madumu, siku ambazo binti yako hakwenda shule. Andika mwezi mmoja tu, wewe na wenzako watano. Nimeona maombi mengi ya machozi yakirudishwa na kuambiwa subirini. Daftari lenye tarehe ni gumu zaidi kulirudisha.

Je, ni kweli vita vijavyo vitakuwa vya maji?
*Mstaafu mwenzako*

Mzee mwenzangu, nchi zimepatana juu ya mito mara nyingi kuliko zilivyopigana. India na Pakistan zilitia saini mkataba wa mto Indus mwaka 1960, na mkataba ule ukavuka vita vya 1965 na 1971 ukiwa hai. Ndiyo maana nilihuzunika Aprili 2025 India ilipotangaza kuusimamisha. Mkataba wa maji ukitetereka, wanaoumia kwanza ni wakulima wa chini ya mto.

Lakini hata mkataba hauna faida ukiwa na hesabu mbovu. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji ya mto Colorado. Vipimo vilivyotumika vilitoka miaka ya mvua nyingi kupita kawaida. Waligawana maji ambayo mto haukuwa nayo, na kwa miongo mingi sasa mto huo mara chache hufika baharini. Ugomvi wa majimbo hayo leo ulizaliwa na kipimo cha siku ile.

Bibi, tuna kisima nyumbani. Nataka kupima kama ulivyokuwa ukipima, lakini sina vifaa. Nianzeje?
*Kijana wa miaka 19*

Barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Tafuta kamba ngumu isiyonyumbuka. Ya nailoni inayovutika haifai, itakudanganya. Funga nati nzito ya chuma mwishoni. Weka alama kila nusu mita kwa rangi isiyotoka, na pima alama hizo kwa futikamba ya fundi, usikisie kwa mkono. Kabla ya kuishusha, osha kamba na nati kwa maji yenye dawa ya klorini, maana watu wanakunywa humo.

Kwenye mdomo wa kisima chagua sehemu moja, uipake rangi. Kila kipimo kitoke hapo hapo. Pima alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka, maji yakiwa yametulia. Shusha polepole. Nati ikigusa maji utasikia mlio mdogo na kamba italegea kidogo mkononi. Shika kamba pale kwenye rangi, vuta, upime. Rudia mara ya pili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita mbili, pima mara ya tatu. Usiiname kupita kiasi, na usiingie kisimani kwa sababu yoyote, hata nati ikikatika. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na imeua watu wazoefu waliodhani wanashuka dakika moja.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, kina, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Pima tarehe ileile kila mwezi. Usiruke mwezi kwa sababu uliopita haukubadilika, huo usiobadilika nao ni kipimo. Ukifika mwezi wa kumi na mbili, nitumie namba zote, hata zile unazodhani umekosea. Utepe wangu bado ninao, na chaki pia. Tutazilinganisha.